Ng'ombe Anayekakamaa Akikimbizwa: Uchambuzi wa Kisa cha Chianina

Mazingira ya kisa

Chianina ni ng'ombe weupe wa bonde la Chiana, mkoani Toscana, katikati ya Italia. Ni miongoni mwa ng'ombe warefu kuliko wote duniani, na fahali aliyekomaa hupita tani moja bila shida. Ndama huzaliwa na rangi ya ngano, kisha hugeuka mweupe kadiri anavyokua. Kwa karne nyingi kazi yao ilikuwa kuvuta majembe na mikokoteni. Matrekta yalipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia wakabaki kuwa ng'ombe wa nyama, na nyama yao ina jina kubwa na bei kubwa. Wanatunziwa daftari la ukoo na chama cha kitaifa cha wafugaji, ambamo dume na jike wa kizazi wanajulikana baba na mama zao.

Nimelitaja daftari hilo mapema kwa sababu bila hilo kisa hiki kisingefika popote. Tunao ng'ombe wengi wagonjwa duniani ambao dalili zao ziliandikwa vizuri na madaktari makini, lakini hakuna aliyeweza kusema baba wa ndama yule alikuwa nani.

Kisa chenyewe ni cha ugonjwa adimu wa misuli ulioonekana kwa ndama wa Chianina katika mashamba ya Italia. Mashamba, wafugaji na wanyama wenyewe sikuwataja, na alama za kuwatambua nimeziondoa. Vyuo vikuu vilivyofanya utafiti nimevitaja, kwa kuwa matokeo yao yamechapishwa na yako wazi kwa kila mtu: Padova na Bologna nchini Italia, na Bern nchini Uswisi.

Kilichoonekana zizini

Ndama akiwa amesimama, ni mzima. Anakula, anacheua, hana homa. Akitembea kwa hatua zake mwenyewe humtofautishi na wenzake. Mharakishe kidogo ndipo utaona. Misuli inakakamaa, miguu inakuwa mizito kukunjika, hatua zinafupika, na akizidi kukimbizwa anaanguka chini akiwa amekauka. Mwache atulie. Baada ya muda mfupi misuli inalegea, anainuka, anaendelea na malisho yake kana kwamba hakuna lililotokea. Mharakishe tena, hali inarudi ileile.

Dalili hizi zina mtego. Mfugaji anaziona kila siku, kwa sababu ndiye anayeswaga. Daktari wa mifugo akifika, mnyama amefungwa na ametulia, na uchunguzi wa kawaida wa joto, mapigo ya moyo na upumuaji hautoi kitu. Ni rahisi sana kuandika kwenye fomu kwamba mnyama hana tatizo na kuondoka. Waliochunguza kisa hiki waliamini maneno ya wafugaji kiasi cha kuwaswaga wale ndama na kuwatazama wakikakamaa kwa macho yao. Katika kazi nzima iliyofuata sioni hatua iliyokuwa na thamani kuliko hiyo, ingawa haikuhitaji kifaa chochote.

Kukakamaa kwa ndama kuna sababu nyingi, na ilibidi ziondolewe moja baada ya nyingine. Pepopunda hukakamaza misuli pia, lakini mwenye pepopunda halegei akipumzika; taya hufunga, mkia husimama, na sauti ndogo tu humzidishia. Upungufu wa seleniamu na vitamini E huua nyuzi za misuli, vimeng'enya vya misuli hupanda katika damu, na ndama hudhoofika badala ya kwenda na kurudi. Homa ya siku tatu huja na joto kali la mwili. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayefuata mwendo huu wa kukakamaa kwa kazi na kulegea kwa mapumziko.

Ulio karibu zaidi ni miotonia, ule ugonjwa wa mbuzi wa Tennessee wanaoanguka wakishtuka, ambao chanzo chake ni hitilafu katika njia za kloridi kwenye utando wa seli ya msuli. Kinachoutenganisha ni umeme. Katika miotonia ya kweli, msuli uliokakamaa unaendelea kutoa mapigo ya umeme mfululizo, na sindano ya kupimia umeme wa misuli huyanasa. Katika ugonjwa wa aina hii msuli umekaza lakini umeme umenyamaza. Amri ya kukaza imekwisha, na bado msuli haulegei. Kwa hiyo ukaitwa sudomiotonia ya kuzaliwa, kwa kuwa unafanana na miotonia kwa nje tu.

Uamuzi wa kwanza: kutafuta mwenzake kwa binadamu

Mwaka 1969 daktari wa Marekani, Irwin Brody, alieleza ugonjwa wa mtu ambaye misuli yake ilikuwa inashindwa kulegea haraka baada ya mazoezi. Mgonjwa wa aina hiyo akipanda ngazi mbio, miguu inakaza; akisimama kidogo, inaachia. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 1996, baadhi ya familia zenye ugonjwa huo zilipatikana na hitilafu katika jeni iitwayo ATP2A1.

Timu ya Italia iliona kwamba maelezo ya mgonjwa wa Brody na ya ndama wa Chianina yanakaribiana mno. Wangeweza kuanza kutafuta upya katika jeni zote za ng'ombe. Wakachagua kuanza na swali jembamba zaidi: je, hii ni jeni ileile?

Ili uamuzi huo ueleweke, lazima tuingie kidogo ndani ya msuli. Kila seli ya msuli ina hifadhi yake ya kalsiamu, mtandao wa vifuko uitwao retikulamu ya sakoplazimu. Neva ikituma amri, kalsiamu humwagika kutoka kwenye vifuko hivyo na msuli hukaza. Ili msuli ulegee, kalsiamu lazima irudishwe. Kazi hiyo hufanywa na protini iliyopachikwa kwenye ukuta wa vifuko, pampu iitwayo SERCA, ambayo kwa kila molekuli moja ya ATP (kibeba nishati cha seli) inayochoma hurudisha ioni mbili za kalsiamu. Kulegea kwa msuli si kupumzika bure kama wengi tunavyodhani; kunakula nishati.

Jeni ya ATP2A1 ndiyo inayotoa maelekezo ya kutengeneza SERCA1, pampu ya nyuzi za kasi, zile zinazotumika kukimbia, kuruka na kuvuta kwa ghafla. Nyuzi za polepole, zinazoshikilia mwili usimame, zina pampu nyingine, SERCA2, na moyo nao hutumia hiyohiyo. Ukiyaweka haya mbele ya yale yaliyoonekana zizini, kila kitu kinakaa mahali pake. Ndama anasimama na kutembea vizuri kwa sababu nyuzi za polepole ni nzima. Moyo hauna tatizo. Akikimbia, nyuzi za kasi zinamwaga kalsiamu kwa wingi na pampu haiwezi kuirudisha kwa wakati. Akitulia, kalsiamu inarudi taratibu na msuli unaachia.

Uamuzi wa pili: kufuata ukoo

Dhana nzuri bado ni dhana. Watafiti walikusanya kumbukumbu za uzazi za wanyama wagonjwa wakazirudisha nyuma kizazi baada ya kizazi. Wanyama wagonjwa 17 waliochunguzwa wote walirudi kwa mzazi mmoja wa mbali. Mpangilio wa ukoo ulionyesha urithi wa jeni moja iliyojificha: anayeugua ni yule tu aliyepata nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Aliyepata moja ni mbebaji, haoneshi dalili yoyote, na anaweza kuwa mshindi wa maonyesho.

Hesabu ya urithi huu inafaa kila mfugaji aiweke kichwani. Mbebaji akipandana na mbebaji, kwa wastani robo ya ndama wataugua, nusu watakuwa wabebaji, robo watakuwa safi. Mbebaji akipandana na aliye safi, hakuna atakayeugua, lakini nusu ya ndama watabeba. Tuseme katika kundi fulani mnyama 1 kati ya 10 ni mbebaji. Uwezekano wa wabebaji wawili kukutana ni 1 kati ya 100, na katika hao robo tu ya ndama ndio wagonjwa, yaani 1 kati ya 400. Mfugaji mwenye ng'ombe 30 anaweza kukaa maisha yake yote bila kumwona mgonjwa hata mmoja, ilhali ana wabebaji watatu zizini. Hivyo ndivyo nakala mbovu ya mzazi mmoja ilivyosafiri kimya kwa vizazi, ikasubiri mpaka ndugu wa mbali wakutanishwe.

Uamuzi wa tatu: kupima pampu na jeni pamoja

Hapa kazi iligawanyika pande mbili, na mgawanyo huo ulikuwa wa makusudi. Upande mmoja, vipande vidogo vya msuli vilichukuliwa kutoka kwa wanyama wagonjwa na wazima, na uwezo wa pampu ukapimwa. Kwa wagonjwa ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 70. Upande wa pili, alama za DNA za familia hizo zilifuatiliwa kuona ni sehemu gani ya kromosomu inayorithiwa pamoja na ugonjwa. Zikaelekeza kwenye kromosomu namba 25 ya ng'ombe, eneo lenyewe la ATP2A1.

Baada ya pande hizo mbili kukubaliana ndipo jeni ikasomwa herufi kwa herufi. Ikapatikana herufi moja iliyobadilika: katika nafasi ya 491, palipotakiwa G pakawa A. Matokeo yake, katika protini yenye viungo karibu elfu moja, kiungo cha 164 ambacho ni asidi amino ya ajinini kikabadilishwa na histidini. Mabadiliko hayo yalilingana na ugonjwa bila kukosea. Hayo yalichapishwa mwaka 2008.

Kwa nini hawakuisoma ATP2A1 tangu siku ya kwanza, ikiwa walishaishuku? Kwa sababu katika ukoo uliozalishwa karibukaribu, wanyama wagonjwa wanafanana kwa vipande vikubwa vya DNA, na ukisoma jeni yoyote ndani ya kipande hicho unaweza kukuta herufi iliyobadilika ambayo haina hatia. Kuwa na ushahidi wa ukoo, wa kromosomu na wa pampu yenyewe kabla ya kuinyooshea herufi kidole kuliwakinga na kosa hilo.

Mwaka huohuo wa 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Liège nchini Ubelgiji nao walichapisha hitilafu ya jeni hiyohiyo katika ng'ombe wa Belgian Blue. Kwao kiungo kilichobadilika kilikuwa cha 559, na ndama walikuwa wanakufa ndani ya wiki chache kwa matatizo ya upumuaji. Jina lililotumika lilikuwa tofauti kabisa, distonia ya misuli ya kuzaliwa. Kisha mwaka 2010 ndama chotara nchini Uholanzi akakutwa na badiliko hilo la 559, naye akaelezwa kuwa na sudomiotonia. Jeni ni moja, majina mawili, na ukali unapanda na kushuka. Anayefanya kazi ya magonjwa ya kurithi asitegemee jina la ugonjwa kumwambia kilichoharibika.

Mgeuko wa kisa: pampu haikuwa mbovu

Wengi wangeishia hapo. Jeni imepatikana, kipimo kinaweza kutengenezwa, makala imetoka. Wanabiokemia wa Padova waliuliza swali moja zaidi, na kwangu hapa ndipo kisa hiki kinapostahili kufundishwa.

Swali lilikuwa hili: pampu imepungua nguvu, au zimepungua pampu zenyewe? Matokeo ya mwaka 2009 yalijibu. RNA mjumbe, yaani nakala ya maelekezo inayotoka kwenye jeni, ilikuwa ya kiwango cha kawaida. Kiwanda kilikuwa kinapokea maagizo yote. Lakini protini ya SERCA1 kwenye vifuko ilikuwa pungufu sana, na ile chache iliyobaki iliitikia kalsiamu kama kawaida. SERCA2 nayo haikuongezeka kuziba pengo. Kwa hiyo protini ilikuwa ikitengenezwa kisha ikipotea.

Inapotelea wapi? Kila seli ina ukaguzi wa protini zake. Protini iliyokunjwa vibaya hubandikwa alama ya ubikwitini na kupelekwa kwenye protiasomu, chombo cha seli kinachokata protini vipandevipande. Ukaguzi huo ni mkali, na mara nyingine hutupa kisichostahili kutupwa, kama mchuuzi anayetupa embe kwa doa la ganda wakati nyama yake ni nzima. Mwaka 2014 kundi hilo lilionyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa Chianina. Walipotengeneza pampu yenye badiliko la 164 ndani ya seli za maabara, ilikuwa ikivunjwa mapema na mfumo huo. Walipoizuia protiasomu kwa kemikali iitwayo MG132, pampu iliongezeka, ikafika mahali pake kwenye utando, na ikafanya kazi ya kurudisha kalsiamu. Katika nyuzi za msuli zilizotoka kwa ng'ombe wagonjwa wenyewe pia protini iliongezeka.

Tofauti hii ni kubwa kwa tiba. Protini ambayo haifanyi kazi kabisa inahitaji kubadilishwa, na hiyo ni kazi ngumu ya kubadili jeni. Protini inayofanya kazi lakini inatupwa inahitaji kuokolewa tu, na hilo linaweza kufanywa na dawa. Njia hiyo imeshapitiwa na waliotibu sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi wa mapafu, ambapo molekuli ndogo husaidia protini yenye kasoro ikunjike vizuri ipite ukaguzi. Padova wamekuwa wakijaribu molekuli za aina hiyo kwa ugonjwa mwingine wa misuli wa binadamu, unaotokana na kasoro katika protini za sakoglikani.

Matokeo

Wafugaji walipata kipimo cha DNA. Damu, nywele zenye mizizi au mbegu za dume zinatosha kumtambua mbebaji kabla hajazalisha. Tangu hapo mzaa wagonjwa hana haja ya kusubiriwa azae ndio ajulikane.

Wagonjwa wa Brody walipata mnyama wa kufanyiwa utafiti, na hapo umuhimu wa ng'ombe huyu unazidi ukubwa wa mwili wake. Mwaka 2003 watafiti walikuwa wamezima jeni hii kabisa kwa panya wa maabara. Panya hao walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa kwa kushindwa kupumua, kwa kuwa kiwambo chao, yaani msuli wa kupumulia, kinategemea mno SERCA1. Panya aliyekufa hawezi kukimbizwa ili aonekane akikakamaa. Ng'ombe anaishi, anakua, anakakamaa na kulegea kama mtu.

Na kwa kuwa macho yalikuwa yamefunguka, mwaka 2012 sudomiotonia iligunduliwa pia kwa Romagnola, ng'ombe wengine wa Italia walio ndugu wa Chianina, ikiwa na mabadiliko mapya ya jeni hiyohiyo. Kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya badiliko la 164 peke yake kisingeweza kuyaona.

Uchambuzi: kilichofaa

Kwanza, watu wa fani tofauti walikaa kwenye kisa kimoja kwa miaka. Kulikuwa na daktari aliyeshika mnyama, mtu wa jeni, na mtu wa protini, na kila mmoja alimkabidhi mwenzake swali badala ya kulifunga. Mtu wa jeni peke yake angeacha ugonjwa kwenye herufi ya 491. Daktari peke yake angeuacha kwenye video na maelezo mazuri.

Pili, walichukua vipande vya msuli wakiwa na wanyama hai. Nalisisitiza hili kwa sababu desturi ya ndama mwenye tatizo ni kumwuza mapema kwa nyama, na kwa mfugaji huo ni uamuzi wa busara kabisa. Sampuli chache zilizotunzwa ndizo zilizowezesha utafiti wa mwaka mmoja ujibiwe na mwingine.

Tatu, kutumia ugonjwa wa binadamu kama ramani kulifupisha njia kwa miaka. Daktari wa mifugo anayesoma tiba ya binadamu ana maktaba ya ziada. Deni hilo sasa linalipwa upande wa pili, kwa kuwa wanaomtafutia tiba mgonjwa wa Brody wanasoma kuhusu ng'ombe.

Uchambuzi: kilichokwama

Ugunduzi ulichelewa. Wagonjwa 17 wenye mzazi mmoja maana yake ni kwamba nakala mbovu ilikuwa imeshasambaa vizazi kadhaa kabla ya mtu kuunganisha nukta. Daftari la ukoo lilikuwepo muda wote, lakini daftari huandika nani kamzaa nani na uzito gani. Halikuwa na safu ya ndama aliyekakamaa. Taarifa ya ugonjwa ilibaki kwa mfugaji mmojammoja, na kila mmoja akadhani ni bahati mbaya ya zizi lake. Pia kuna aibu. Kusema hadharani kwamba dume lako maarufu amezaa mgonjwa ni kushusha bei ya mbegu zake, na sioni namna ya kuondoa kikwazo hicho bila chama cha wafugaji kupokea taarifa kwa siri.

Tiba haijafika kwa mnyama wala mtu kwa njia ya MG132, na haikutarajiwa kufika. Protiasomu inafanya usafi wa seli nzima. Ukiizuia, unazuia pia uondoaji wa takataka halisi. Kemikali hiyo ilithibitisha wazo, basi. Kutoka hapo hadi kidonge ni safari nyingine, na kwa ugonjwa wenye wagonjwa wachache hivi fedha za safari hiyo huwa haba.

Kuna mgongano mwingine ambao naona haujazungumzwa vya kutosha. Kipimo kikitumika vizuri, ng'ombe wagonjwa wanakwisha. Hilo ndilo lengo la mfugaji na ni haki ya mnyama. Lakini mtafiti wa Brody anahitaji wanyama wagonjwa, na ng'ombe wa tani moja hafugwi maabara kama panya. Msimamo wangu ni kwamba ndama asizalishwe ili augue kama njia nyingine ipo, na njia ipo kwa sehemu kubwa: seli, mbegu na vipande vya msuli vikigandishwa leo vitatumika miaka mingi. Swali la dawa likifika hatua ya kuhitaji mwili mzima, litabidi lijadiliwe upya na kamati za maadili, kwa idadi ndogo kabisa ya wanyama.

Jambo la mwisho la upande huu ni wabebaji. Matokeo ya kipimo yakija, mkono wa kwanza hukimbilia kuchinja. Katika jamii ndogo ya ng'ombe hilo ni kosa. Ukiondoa kila mbebaji kwa mkupuo unaondoa pia damu nzuri aliyonayo, unabaki na wazazi wachache zaidi, na unaandaa njia ya kasoro nyingine iliyojificha kuibuka. Mbebaji mwenye sifa nzuri apandishwe kwa aliye safi, ndama wapimwe, walio safi ndio waendeleze ukoo. Dume wa uhimilishaji ndiye asiyepaswa kuvumiliwa kirahisi, kwa kuwa mmoja anazaa maelfu.

Kwa wanaohimilisha huku kwetu

Chianina si ng'ombe wa Afrika Mashariki, na sitaki mtu aanze kuutafuta ugonjwa huu kwa kila ndama anayechechemea. Lakini njia iliyoueneza tunayo. Mbegu za Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River, Arusha, na za KAGRC, kituo cha Kenya cha rasilimali za kijenetiki za mifugo, Kabete, pamoja na zile zinazoagizwa kutoka nje, zinatoka kwa madume wachache na kufika kwa ng'ombe wengi sana. Friesian wenyewe wana mfano wao: upungufu wa kinga uitwao BLAD ulienea duniani kupitia uzao wa dume mmoja wa Marekani, Osborndale Ivanhoe. Kwenye orodha za madume, mbebaji wa BLAD huwekewa herufi BL, na aliyepimwa akakutwa safi huwekewa TL. Ukinunua mbegu, uliza herufi hizo. Muuzaji makini atakuonyesha.

Mtaalamu wa ugani au daktari wa mifugo akikuta ndama anayekakamaa akikimbia na kulegea akipumzika, aanze kwa kuwaondoa wale wa kawaida niliowataja juu, hasa pepopunda na upungufu wa seleniamu, kwa sababu hao wanatibika na ni wengi zaidi. Amrekodi kwa simu akiswagwa, tangu anapoanza kukaza mpaka anapolegea, bila kukata. Aandike mama yake, dume aliyetumika na namba ya mrija wa mbegu kama upo. Aulize majirani waliotumia dume huyohuyo. Ang'oe nywele za mkia zikiwa na mizizi, azitie kwenye bahasha kavu ya karatasi yenye tarehe na namba ya mnyama, na aihifadhi hata kama bado hajui maabara ya kuipeleka. Ndama akiuzwa machinjioni wiki inayofuata, bahasha hiyo na video ndivyo vitakavyobaki vya kuanzia.